Usiku wa Ndola: Kifo cha Dag Hammarskjöld na Ushahidi wa Wachoma Mkaa

Mwaka 1961 unakumbukwa nchini kwa jambo kubwa la furaha, yaani Uhuru wa Tanganyika uliopatikana tarehe 9 Desemba. Siku tano baadaye, tarehe 14 Desemba, taifa hilo changa lilipokelewa katika Umoja wa Mataifa mjini New York. Mtu aliyeuongoza Umoja huo kwa zaidi ya miaka minane, na ambaye alitaka uwe kimbilio la mataifa madogo kuliko kuwa chombo cha wakubwa, hakuwapo kulipokea. Alikuwa amekwisha kufa miezi mitatu kabla yake, usiku, katika msitu wa Ndola, mji wa ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 inaitwa Zambia.

Jina lake ni Dag Hammarskjöld. Alikuwa Msweden na Mlutheri, mwana wa Kanisa lile lile la Sweden ambalo tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili lilituma wamisionari Buhaya, na ambalo katika mwaka huohuo wa 1961 lilimtoa Bengt Sundkler awe askofu huko Bukoba. Kwa hiyo habari za kifo chake si habari za mgeni kabisa kwa Walutheri wa nchi hii. Tena, kama itakavyoonekana mbele, mtu aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuutafuta ukweli wa kifo hicho ni Mtanzania.

Hammarskjöld alizaliwa Jönköping tarehe 29 Julai 1905, akakulia Uppsala. Baba yake, Hjalmar, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Sweden kuanzia 1914 hadi 1917, alikuwa mkuu wa mkoa huo, na familia ilikaa katika ngome iliyo juu ya kilima, karibu na Kanisa Kuu. Askofu Mkuu Nathan Söderblom alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Mwaka 1953 Hammarskjöld mwenyewe alieleza kwamba kwa ukoo wa baba, uliokuwa wa askari na watumishi wa serikali, alirithi imani kuwa hakuna maisha bora kuliko kuwatumikia watu bila kujitafutia faida. Na kwa ukoo wa mama, uliokuwa wa wasomi na wachungaji, alirithi imani kuwa wanadamu wote ni sawa kwa sababu wote ni watoto wa Mungu. Hakuoa. Watu waliofanya kazi naye kila siku walimjua kama mchumi na mtawala mwenye akili kali, na wachache sana walijua kuwa alikuwa mtu wa sala, mpaka maandishi yake ya siri yalipochapishwa Sweden mwaka 1963. Alipoondoka Léopoldville kwa mara ya mwisho, aliacha kando ya kitanda chake kitabu cha Thomas à Kempis kuhusu kumfuata Kristo, na ndani ya kurasa zake palikuwa na karatasi yenye kiapo chake cha kazi.

Kilichompeleka Léopoldville ni msiba wa Kongo. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya majuma mawili kupita jeshi lilikuwa limeasi, askari wa Ubelgiji walikuwa wamerudi, na Moïse Tshombe alikuwa ametangaza tarehe 11 Julai kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Katanga haikuwa jimbo la kawaida. Humo ndimo ilimokuwa shaba, kobalti na urani, na humo ndimo kampuni ya Union Minière ilimochimba utajiri wake. Waliotaka Katanga ibaki peke yake walikuwa na fedha, walikuwa na mamluki wa Kizungu, na walikuwa na marafiki kusini, katika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Umoja wa Mataifa ulipeleka jeshi lake. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na lawama nyingi zilimwangukia Hammarskjöld kwamba hakumlinda. Lawama hizo hazikuwa za bure zote, wala haifai kuzifuta kwa sababu tu mwenyewe naye alikufa.

Tarehe 13 Septemba 1961, siku ambayo Katibu Mkuu aliwasili Léopoldville, askari wa Umoja wa Mataifa walianza mapigano mjini Elisabethville ili kuwatoa mamluki na kukomesha kujitenga kwa Katanga. Mambo yalikwenda vibaya. Ndege moja tu ya kivita ya Katanga, jeti ndogo aina ya Fouga Magister, iliwasumbua askari hao kutoka angani, nao hawakuwa na ndege ya kupambana nayo. Kikosi kizima cha Waayalandi kilizingirwa Jadotville. Hammarskjöld akaamua kwenda mwenyewe kukutana na Tshombe ili mapigano yasimame, na mahali palipokubaliwa ni Ndola, ng'ambo tu ya mpaka.

Ndege iliyompeleka ilikuwa aina ya DC-6B, yenye injini nne za panka, iliyoitwa Albertina, mali ya kampuni ya Transair ya Sweden. Asubuhi ya tarehe 17 Septemba ilikuwa imepigwa risasi ilipokuwa ikiondoka Elisabethville. Ikatengenezwa Léopoldville, na kwa muda fulani ikaachwa uwanjani bila mlinzi maalumu. Iliruka saa 10:51 jioni kwa saa za Léopoldville ikiwa na watu 16: Katibu Mkuu na wasaidizi wake, walinzi, askari wawili wa Sweden, na wanaanga Wasweden chini ya rubani Per Hallonquist. Mwanamke alikuwa mmoja, Alice Lalande wa Kanada, katibu muhtasi. Kwa kuiogopa ile jeti, marubani walitaja kiwanja kingine katika hati ya safari, wakanyamaza redioni kwa saa nyingi, na badala ya kukata moja kwa moja juu ya Katanga walizunguka mashariki hadi upande wa Ziwa Tanganyika, ndipo wakageukia kusini. Njia ya saa chache ikawa ya zaidi ya saa sita, na giza likawakuta wangali mbali.

Usiku ule huko Ndola hali ya hewa ilikuwa nzuri. Saa 6:10 usiku rubani aliuarifu mnara wa kuongozea ndege kwamba anaziona taa, kwamba yuko juu ya Ndola na anashuka. Mnara ukamtaka atoe taarifa atakapofika futi 6,000. Taarifa hiyo haikutolewa. Watu waliokuwa uwanjani waliiona ndege ikipita juu yao kuelekea magharibi, kama ilivyo desturi ya ndege inayozunguka ili irudi na kutua. Haikurudi.

Yaliyofuata pale uwanjani ni magumu kuyaeleza hata baada ya miaka mingi. Lord Alport, Balozi wa Uingereza katika Shirikisho, aliyekuwa akimsubiri mgeni, alitoa maoni kwamba pengine Katibu Mkuu ameghairi na kwenda kwingine. Ndege kubwa ilikuwa imeaga kwamba inashuka, ikatoweka katika usiku usio na mawingu, na watu wakaenda kulala. Polisi mmoja aliona mwako mwekundu angani na habari hiyo ikafikishwa kwa wakubwa usiku uleule. Ndege za kutafuta ziliruka saa kadhaa baada ya kupambazuka. Mabaki yalitangazwa kuonekana saa 9:10 alasiri, saa 15 baada ya ajali, mahali palipo kama kilomita 15 tu kutoka uwanjani.

Albertina ilikuwa imegusa vilele vya miti kwa mshuko mdogo sana, karibu ulalo, ikakata njia ndefu ndani ya msitu, kisha bawa la kushoto likagonga kichuguu, ndege ikageuka na kuwaka moto. Magurudumu yalikuwa yameteremshwa, taa za kutulia zilikuwa zimewashwa, injini zote zilikuwa zikifanya kazi. Sehemu kubwa ya kiwiliwili cha ndege iliyeyuka. Mwili wa Hammarskjöld ulikutwa nje ya moto, karibu na kichuguu, haukuungua. Mtu mmoja alikuwa hai: Harold Julien, Mmarekani, mkuu wa walinzi. Alikuwa amelala pale kwa saa zote hizo, na jua la Septemba likimchoma juu ya majeraha ya moto. Alipelekwa hospitali ya Ndola akaishi siku kadhaa, akafariki tarehe 23 Septemba.

Ili kuelewa mabishano yaliyofuata, yafaa kujua kidogo jinsi ndege inavyotua usiku. Mchana rubani huona ardhi, na jicho lake humwambia yuko juu kiasi gani. Usiku, anapozunguka juu ya msitu usio na hata taa moja, huku taa za mji na za uwanja zikiwa mbali mbele yake, jicho humdanganya. Hudhani yuko juu kuliko alivyo. Hapo hana budi kuamini kipima mwinuko peke yake. Uwanja wa Ndola uko futi 4,160 hivi kutoka usawa wa bahari, na ardhi ya upande ule wa magharibi iko juu kidogo kuliko uwanja wenyewe. Ndege inayotakiwa kuwa futi 6,000 inapogeuka ina nafasi ya kutosha. Albertina ilipogusa miti ilikuwa imeshuka zaidi ya futi 1,600 chini ya hapo. Rubani Hallonquist alikuwa mzoefu, ingawa alikuwa amechoka. Na vipima mwinuko vilivyookotwa havikuonyesha kasoro. Basi kwa nini alishuka hivyo? Yawezekana kabisa ni kosa la kibinadamu, la aina iliyoua marubani wengi wazuri. Yawezekana pia kwamba katika dakika ile kitu kingine kiliyavuta macho yake.

Serikali ya Shirikisho ilifanya uchunguzi wa wataalamu, kisha ikaunda tume ya majaji iliyotoa taarifa yake Februari 1962 na kusema ni kosa la rubani. Umoja wa Mataifa nao uliunda tume yake chini ya Rishikesh Shaha wa Nepal. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo jaji Mwafrika, Samuel Bankolé Jones wa Sierra Leone. Tume hiyo, katika taarifa yake ya Aprili 1962, ilisema haikupata uthibitisho wa hujuma wala wa shambulio, lakini haiwezi kuyakataa. Ikaliacha swali wazi. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo Baraza Kuu likapitisha azimio namba 1759, likimtaka Katibu Mkuu alijulishe kila ushahidi mpya utakaojitokeza. Azimio hilo dogo, ambalo huenda wengi waliliona la heshima tu kwa marehemu, ndilo lililoufungua mlango zaidi ya miaka 50 baadaye.

Tofauti ya tume hizo mbili haikuwa katika vyuma vilivyookotwa. Ilikuwa katika watu waliosikilizwa na namna walivyosikilizwa.

Msitu ule haukuwa mtupu. Walikuwamo wachoma mkaa, Waafrika waliokesha karibu na matanuri yao, maana tanuri la mkaa likiachwa usiku huweza kushika moto na kazi ya siku nyingi ikawa majivu. Hao walikuwa macho, nje, na uso wao ulielekea angani. Baadhi yao walisema waliona ndege zaidi ya moja. Baadhi walisema waliona mwanga ukishuka juu ya ndege kubwa, au moto kabla haijaanguka. Timothy Kankasa, aliyekuwa katibu wa mji mdogo wa Twapia karibu na Ndola, na ambaye baadaye alishika nyadhifa katika serikali ya Zambia huru, alieleza kuwa aliona ndege ndogo juu ya ile kubwa, ikiimulika. Wapo waliosema walifika penye mabaki mapema asubuhi, saa nyingi kabla ya saa 9:10 alasiri.

Tume ya Rhodesia haikuwaamini. Waafrika hawa walionekana watu wasioweza kutofautisha ndege na taa zake, au watu waliosukumwa na siasa ya kuichukia serikali ya Shirikisho. Wachoma mkaa waliofika mapema na kuchukua mashine ya maandishi ya siri, wasijue ni nini, walikamatwa wakafungwa. Hapo ndipo hukumu ya 1962 inapokosa mizani. Kama wachoma mkaa walikuwako asubuhi kiasi cha kuweza kuiba, basi walikuwako kiasi cha kuweza kushuhudia. Hakimu aliwaamini katika jambo la kwanza ili awafunge, na tume ikawakataa katika la pili.

Julien naye hakusikilizwa vema. Hospitalini alisema palitokea mlipuko, na kwamba kulikuwa na cheche angani. Ilisemwa kuwa ni maneno ya mgonjwa anayeweweseka, ingawa mmoja wa madaktari waliomhudumia alieleza miaka mingi baadaye kuwa mgonjwa alikuwa na fahamu zake aliposema hivyo. Haki inataka isemwe pia kwamba madai mengine yamepoteza nguvu yalipochunguzwa. Risasi zilizokutwa katika miili ya walinzi, kwa mfano, zilivumisha kuwa watu walimalizwa ardhini. Wataalamu walikuta hazikupita katika mtutu wa bunduki, bali zililipuka kwa joto la moto.

Tarehe 29 Septemba 1961 Hammarskjöld alizikwa Uppsala kwa mazishi ya kitaifa, baada ya ibada katika Kanisa Kuu, na Desemba akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huku Afrika, jina lake lilipewa maktaba ya kituo cha kiekumene cha Mindolo, Kitwe, si mbali na mahali alipofia, ambako watumishi wengi wa makanisa ya Afrika wamesoma. Juu ya sababu ya kifo chake kulikuwa na ukimya, na uvumi. Mwaka 1998 Askofu Mkuu Desmond Tutu, kama mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, alitangaza barua zilizoonekana kuzungumzia njama ya kumwondoa Hammarskjöld. Uhalisi wake haujathibitishwa hadi leo.

Kazi ya kweli ilianza kwa watu waliokwenda kuuliza vijijini. Msweden mmoja aliyefanya kazi za maendeleo kusini mwa Afrika, Göran Björkdahl, aliwatafuta wazee waliokuwa vijana katika msitu wa Ndola mwaka 1961 na kuandika maneno yao. Mwaka 2011 mwanahistoria Mwingereza, Susan Williams, alichapisha kitabu kilichokusanya ushahidi huo pamoja na nyaraka nyingi. Kutokana na kitabu hicho ikaundwa tume ya hiari ya wanasheria chini ya Sir Stephen Sedley, ambayo Septemba 2013 ilisema upo ushahidi mpya wa kutosha kuufungua tena uchunguzi. Mmoja wa mashahidi wake alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Marekani, aliyedai kuwa usiku ule, akiwa katika kituo cha kusikiliza redio huko Cyprus, alisikia sauti iliyorekodiwa ya rubani akisimulia jinsi anavyoishambulia ndege.

Ndipo Umoja wa Mataifa ulipomwendea Jaji Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Machi 2015 aliwekwa kuongoza jopo la wataalamu watatu, yeye pamoja na Kerryn Macaulay wa Australia na Henrik Larsen wa Denmark. Jopo lilikwenda Zambia likakaa na mashahidi waliobaki, wazee sasa, likawauliza mmoja mmoja. Halikuyapokea maneno yao yote kwa pupa. Kumbukumbu ya miaka 50 huchanganyika na yale ambayo mtu ameyasikia baadaye. Lakini liliupa ushahidi wao, kwamba ndege zilikuwa zaidi ya moja na kwamba ile kubwa iliwaka kabla ya kuanguka, thamani ya kiasi, yaani liliuweka katika mizani pamoja na ushahidi wa wengine. Jambo hilo halikufanyika Ndola mwaka 1962.

Jaji Othman aliendelea na kazi hiyo peke yake tangu 2017, hata baada ya kustaafu ujaji mkuu. Katika ripoti ya mwaka huo aliandika kwamba inaelekea kuwezekana kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu ya ajali, ama kwa kuipiga ndege, ama kwa kuwavuta marubani mawazo kwa nukta chache katika dakika ile ya hatari ambapo ndege inashuka gizani. Mwenye kuitazama vizuri ataona kuwa maneno hayo yanawapatanisha walioshindana tangu mwanzo: Hallonquist huenda alikuwa chini mno, na wachoma mkaa huenda waliona ndege ya pili, na yote mawili yakawa kweli. Ripoti zake zilionyesha pia kwamba Katanga ilikuwa na ndege na marubani zaidi ya walivyohesabiwa mwaka 1961.

Kilichomzuia kufika mwisho ni makabati ya serikali. Alizitaka nchi zilizokuwa na masikio katika eneo lile, zikiwamo Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, ziteue maofisa huru wa kupekua nyaraka zao za kijasusi na za kijeshi. Nyingine zilitoa kitu, nyingine zilijibu kuwa hazina kitu. Katika ripoti yake ya 2024 alirudia kwamba taarifa muhimu karibu kwa hakika bado zimefichwa na baadhi ya serikali. Wakati huo kila mtu aliyekuwa hai katika msitu ule usiku wa Albertina alikuwa amepita umri wa miaka 60.